Cornell 1977: tunasifia muziki au tunasifia kanda? (Uzi wa Grateful Dead)

Mtoro_wa_Oakland

Wakuu, habari za jioni. Najua jukwaa hili ni la dansi na zilipendwa, na Grateful Dead hapa ni wageni. Ila nimetafuta uzi wao kwa Kiswahili nikakosa, na jambo lenyewe linaninyima usingizi, kwa hiyo mnivumilie.

Kwa asiyewajua: ni bendi ya California, ilianza 1965, ikaishia Agosti 1995 alipofariki mpiga solo wao Jerry Garcia. Ndani ya hiyo miaka 30 walipiga maonyesho zaidi ya 2,300. Wimbo ambao studio una dakika 5, ukumbini unafika 20, wanautelekeza katikati, wanazama kwenye mwingine, baada ya nusu saa wanaurudia kana kwamba walikwenda chooni tu. Chukua chemko la bendi zetu, ile sehemu ya moto mwishoni mwa wimbo, halafu ondoa mtu anayejua litaisha lini. Na sehemu kubwa ya maonyesho hayo ilinaswa, na bendi wenyewe au na watazamaji, maana hawa jamaa waliruhusu watu kuja na vinasa sauti vyao.

Mimi namhudumia mzee mmoja hapa Oakland, miaka 70 na ushei. Kabati lake la nguo halina nguo, lina kaseti. Juu yake tarehe tu, hakuna jina la wimbo. Ya kwanza kunisikilizisha iliandikwa 5/8/77. Mwezi mzima nikawa najua ni Agosti 5, kumbe Wamarekani wanatanguliza mwezi. Ni Mei 8, 1977, ukumbi wa Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, mji wa Ithaca, New York. Ukiwauliza mashabiki onyesho bora kuliko yote, nusu watakutajia hilo.

Hoja yangu ni hii. Cornell si bora. Cornell ilirekodiwa vizuri, ikadurufiwa sana, basi. Lingerekodiwa na mtu aliyekaa nyuma ya nguzo, leo lisingekuwa na jina. Halafu la pili: toleo rasmi la 2017 nimelisikiliza kwa spika nzuri, na bado kaseti ya mzee ina joto zaidi. Toleo rasmi limepoa.

Karibuni. Mzee hasomi Kiswahili, kwa hiyo kazi yangu iko salama.

Kipupwe_Dar

Niko hapa nimekaa na kahawa yangu. Sijawahi kusikia hata wimbo mmoja wa hao watu ila ugomvi naupenda.

Fundi_Mitambo

Mleta uzi, umegusa kazi yangu. Nimekaa nyuma ya mikisa, mtambo wa kuchanganya sauti, kumbi za Temeke na Ilala miaka 19, naomba niweke sawa jambo moja kabla watu hawajaanza kurushiana viti.

Mkisema "kanda ya mikisa" mjue ziko aina mbili. Ya kwanza unachomeka tu kinasa sauti kwenye mikisa ya ukumbi, kinachokwenda kwa watu ndicho kinachoingia kwenye kanda. Ubaya wake, ukumbi mdogo gitaa na ngoma zinajitosheleza toka jukwaani, fundi hazipandishi. Ukisikiliza nyumbani unamkuta mwimbaji yuko puani kwako na mpiga solo yuko Kibaha. Kanda nyingi za bendi zote duniani ziko hivyo.

Ya pili ndiyo ya Betty Cantor-Jackson, aliyeirekodi Cornell. Yule mama alikuwa na mchanganyiko wake wa pembeni, kwa ajili ya kanda tu, anauchanganya hapohapo bendi ikipiga, kushoto na kulia, hakuna kurudi kesho kurekebisha. Ukikosea umekosea milele. Kanda zake mashabiki wanaziita kwa jina lake, na sijui fundi mitambo mwingine aliyepewa heshima hiyo. Sisi tunakumbukwa siku spika zikilia mluzi.

Katikati ya miaka ya 80 pesa zikamwendea kombo, kodi ya stoo ikasimama, kanda zikapigwa mnada na vitu vingine. Baadhi zikaangukia kwa watu waliojua ni nini, zikasafishwa, zikaanza kusambaa. Kwa hiyo hapo nakuunga mkono nusu: jina la Mei 1977 lilipaa hasa pale kanda safi zilipomfikia kila mtu.

Nusu nyingine sikuungi. Kasanduku ka 2017 kana maonyesho 4: New Haven Mei 5, Boston Mei 7, Cornell Mei 8, Buffalo Mei 9. Mrekodi mmoja, mitambo ileile, wiki moja. Kama ni kanda tu, mbona Boston haina jina?

Mwangeka_254

Fundi amemaliza maneno. Boss, hapo umeteleza.

Mimi niko Nairobi na hii kitu nimeisikiliza kwa matatu, kwa ofisi, kwa matanga (usiniulize). Kipande cha pili cha Cornell, pale wanatoka kwa wimbo mmoja kuingia mwingine bila kusimama, karibu nusu saa, besi ya Phil Lesh ndiyo inafungua mlango na Garcia anapita kama mtu ameitwa kwao. Hiyo si Betty. Betty hakupiga gitaa.

Tena kulikuwa na kanda za watazamaji za usiku huo kabla ya hizo za mnada kutokea, na watu walizipenda vilevile. Usiku wenyewe ulikuwa na theluji, mwezi wa Mei! Library of Congress ya Marekani ikaiingiza kanda hiyo kwa orodha ya rekodi za kuhifadhiwa za taifa. Unafikiri walichagua kwa kurusha sarafu?

Lakini nikubali kitu moja: kuna mashabiki wanatania kwamba Cornell haikuwahi kufanyika, ati ni serikali iliitengeneza. Jambo likifika hapo ujue sifa zimezidi kipimo.

Mtoro_wa_Oakland

@Fundi_Mitambo swali la Boston limenikaa kooni. Nitajibu hivi: kaseti ya kwanza nzuri kukufikia ndiyo unayomdurufia mwenzako, naye mwenzake. Cornell ilitangulia kupata njia. Mzee mwenyewe anasema kila mgeni aliyeingia kwenye bendi hii miaka hiyo alipewa kaseti hiyo kama anavyopewa mgeni maji ya kunywa. Boston ilikuta maji yameshanywewa.

Ila nakiri jibu lenyewe halina miguu mirefu.

Ngalawa_Tisini

Nyote mmekwama 1977. Mwaka wa watu wazima ni 1972.

Agosti 27, 1972, Veneta, Oregon, uwanja wazi, tamasha la kukichangia kiwanda kidogo cha maziwa cha marafiki zao. Jua limewaka hadi magitaa yanakataa kukaa kwenye tuni. Walifanya makosa? Walifanya. Nendeni mkasikilize jinsi wanavyochezea wimbo wao mrefu wa nyota saa za jioni, halafu mje mniambie habari ya Barton Hall. 1977 wamepiga vizuri, wamenyooka, hawakosei. Sawa. Mimi bendi isiyokosea naisikia redioni bure. Hawa niliwapendea ile hatari ya kwamba dakika yoyote nyumba itaanguka.

Na toleo la Veneta lilitoka rasmi 2013, miaka 41 baadaye. Kwa hiyo hoja ya mleta uzi kwamba jina linafuata kanda rasmi si kweli, Veneta ilisifika miongo minne bila duka.

Mwangeka_254

Sikusema Veneta ni mbaya. Nani amesema Veneta ni mbaya?

Binti_Mchambawima

Assalaam aleykum. Mimi ni mtu wa taarab, kaka yangu yuko Minnesota ndiye aliyeniletea maradhi haya.

Nina neno na wale wanaosema hawaisikilizi miaka ya 70 kwa sababu ya sauti ya Donna. Nimeyasoma mara nyingi, "huyu mama anapiga kelele". Donna Jean Godchaux kabla ya kuingia bendi ile alikuwa mwimbaji wa studio kule Muscle Shoals, kamwitikia hata Elvis Presley. Studio huko hukosei tuni ukabaki na kazi. Sasa mchukue mwimbaji wa namna hiyo, mwekeni jukwaani mbele ya magitaa yanayonguruma asijisikie mwenyewe, kisha mrekodi, kisha mumhukumu kwa kanda hiyo miaka 50. Hebu mwimbieni nyinyi.

Kanda ya mikisa ndiyo inayomdhulumu. Inamtoa ukumbini inamweka peke yake ndani ya sikio lako. Zisikilizeni kanda za ukumbini za maonyesho hayohayo, zile za maikrofoni juu ya mlingoti katikati ya watu, mtaisikia sauti yake imekaa ndani ya bendi kama chumvi ndani ya mchuzi. Kwa hili mie nipo upande wa watazamaji na maiki zao.

Fundi_Mitambo

Dada, umesema kweli kuliko unavyodhani.

Mwaka 1974 walikuwa na mtambo wao uitwao Wall of Sound. Spika karibu 600, uzito wa tani zipatazo 75, zimepangwa nyuma ya wanamuziki badala ya mbele. Kila chombo na spika zake. Sasa mjiulize: spika ziko nyuma ya mwimbaji, maiki inatazama spika, mbona haikulia mluzi? Walifunga maiki mbilimbili, moja imegeuzwa kinyume. Mwimbaji anaimba kwenye moja. Kelele ya spika inaingia zote mbili sawa, zinafutana. Sauti yake inaingia moja, inabaki. Nilipolielewa hili nilisimama nikazunguka nyumba.

Lakini ile sauti nayo inaingia kidogo kwenye maiki ya pili, hivyo kinachofutwa ni pamoja na unene wake. Ndiyo maana kwenye kanda za 1974 besi ni kama imepigwa jana na waimbaji wote, si Donna peke yake, wanasikika wembamba kama wako kwenye simu. Mtu hajui, anasema walikuwa wagonjwa. Mtambo wenyewe ulikula pesa hadi Oktoba mwaka huo bendi ikapumzika.

Kipupwe_Dar

Fundi, ulizunguka nyumba mara ngapi?

Fundi_Mitambo

Mbili. Mke wangu akadhani kuna mwizi.

Mwana_wa_Muscat

Naona mnazunguka mnaikwepa pesa. Niingie nayo mimi.

Mlango wa stoo ya kanda za bendi ulifunguliwa 1991 kwa toleo la kwanza la hifadhi, onyesho la Agosti 13, 1975 mjini San Francisco. Kisha 1993 ikaja mfululizo wa Dick's Picks. Dick Latvala alikuwa shabiki mkusanyaji kanda kama huyo mzee wa Oakland, ila yeye akapewa funguo za stoo. Nyingi zilikuwa kanda za njia mbili, na kwenye kasha wanakuonya mapema kwamba utasikia kasoro. Toleo la kwanza, Tampa Desemba 19, 1973, walilikatakata, watu wakalalamika, lakini mwendo ukashika: matoleo 36 hadi 2005, na yeyote anayetaka ananunua. Dick alifariki 1999, mfululizo ukaendelea kwa jina lake.

Tangu 2012 ni Dave's Picks, wa David Lemieux. Sasa ni nakala zenye hesabu. La kwanza nakala 12,000. Yakiisha yameisha, kisha unayakuta kwa walanguzi. Lile kasha la ziara ya Ulaya ya 1972, maonyesho yote 22, CD 73, walitoa makasha 7,200 mwaka 2011, yakakatika siku chache. Mimi Muscat posta ikifika dhahabu yenyewe imeshuka bei.

Na wenye kumbukumbu hawajasahau Novemba 2005. Kanda zao zilikuwa Internet Archive, unapakua bure. Siku moja zikafungwa. Mashabiki wakawaka, wakatishia kususia, Phil Lesh mwenyewe akaandika kwamba hakushirikishwa. Baada ya siku chache za watazamaji zikarudi kupakuliwa, za mikisa zikaachwa usikilize hapohapo mtandaoni bila kuzichukua. Yaani ya maiki juu ya mlingoti chukua, ya Betty sikiliza uende zako. Miaka yote mila yao ilikuwa kanda haiuzwi, unampa mwenzako au unabadilishana naye. Mimi siwalaumu kutafuta riziki, ila nakala zenye hesabu kwa muziki wa namna hii ni sawa na kuuza tiketi za kuona bahari.

Ngalawa_Tisini

Hapana shekhe, hapo nakupinga. Kanda za rili zinaoza. Mtu wa kuzioka (kuzipasha moto polepole ili zipigike tena), kuzisafisha, kuzinyoosha mwendo, analipwa na nani? Hao walanguzi nao ni mashabiki wenzetu, wananunua mbili wanauza moja. Na usiku mzima wa maonyesho mengi bado unausikiliza bure. Unachokosa ni kasha na picha.

Mwana_wa_Muscat

Kasha na picha ndiyo ninayoitaka 😂

Ila nitawapa moja ambayo nilinunua bila kunung'unika. Mji wa Giza, Misri, Septemba 14 hadi 16, 1978, bendi chini ya mapiramidi, usiku wa 3 mwezi ukapatwa. Walikusudia kutoa albamu mara moja ilipie safari. Wakasikiliza kanda wakafunika. Piano haina tuni, mpiga ngoma Bill Kreutzmann amevunjika kifundo cha mkono anapiga kwa mmoja. Ikakaa stooni hadi 2008.

Sasa sikilizeni Hamza El Din anavyofungua, na wenzake Wanubi wanaimba na kupiga makofi. Mzee wa udi, kijiji chao kilimezwa na maji ya bwawa la Aswan. Makofi yale yanakwenda, yanakwenda, halafu wale Wamarekani wanaingia mmoja mmoja polepole, hata hujui saa ngapi wimbo umekuwa wao. Binti Mchambawima, hiyo itafute leo.

Binti_Mchambawima

Nimeitafuta. Nimeipata. Niacheni kidogo.

Mkata_Issue

Uzi gani huu, watu wanakuna gitaa nusu saa kama wanatafuta funguo zimeanguka. Wekeni Sikinde, bendi yetu ya dansi, tucheze.

Kipupwe_Dar

@Mkata_Issue Sikinde gani sasa? Ile ya redioni ya dakika 8, au ile niliyosimuliwa na mjomba, Jumamosi pale DDC Kariakoo, chemko hadi mashati yanakamuliwa? Maana ya pili nani anayo?

Hilo ndilo linaloniuma nikisoma uzi huu. Kilichobaki kwetu ni kile bendi zilichokwenda kurekodi RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam), na Mungu awabariki mafundi wa pale maana bila wao tusingekuwa hata na hicho. Lakini ukumbini, nani alipeleka kinasa sauti? Mjomba anasema yeye alipeleka redio-kaseti mara moja, akaiweka chini ya meza. Alichonasa ni viti, chupa na mtu anadai chenji yake. Kanda tukaidurufia mahubiri.

Hawa wazungu wanagombana lipi bora kati ya 2,300. Sisi tungekuwa nayo hata 3 tungegombana vizuri tu.

Mkata_Issue

Sawa mkuu. Nimenyamaza.

Fundi_Mitambo

Mtoro, nimerudi kwa lile joto la kaseti. Nina shaka nalo. Chukua kipande cha mwisho kabisa cha kipindi cha pili, ule wimbo wa huzuni wa dakika kama 14. Upige kwenye kaseti ukiwa na saa ya simu mkononi, kisha toleo la 2017. Niletee tofauti.

Nauliza kwa sababu hii. Toleo rasmi lilinyooshwa mwendo kwa mtambo unaoutafuta ule mlio wa juu sana usiosikika na sikio, uliobaki kwenye kanda tangu siku ya kurekodi. Mlio ule ukiyumba, wanajua kanda iliyumba, wanairudisha kwenye mstari. Kaseti ya mzee je? Imetoka kwa deki (mashine ya kaseti), ikaenda deki, ikaenda deki, na kila deki ina mwendo wake kama daladala.

Mtoro_wa_Oakland

Nimepima mara mbili, mzee amelala. Kaseti inamaliza sekunde 25 kabla.

Fundi_Mitambo

Sekunde 25 katika dakika 14 ni asilimia 3. Karibu nusu ya nusu-tuni. Kila kitu kiko juu kidogo na haraka kidogo, Garcia anaonekana kijana, ngoma zinaonekana zina hamu. Hilo ndilo joto lako. Haukuwa muziki, ulikuwa mota.

Mwangeka_254

KWISHA HABARI YAKE.

Mtoro_wa_Oakland

Polepole Mwangeka. Nimeshindwa la joto, la Cornell bado sijasalimu amri. Kama sikio langu lilidanganywa na mota ya deki kwa asilimia 3, hamuoni hiyo inanisaidia? Kanda inatufanyia mambo na sisi tunampa sifa mpiga gitaa.

Ngalawa_Tisini

Huyu angekuwa wakili.

Binti_Mchambawima

Nimerudi kutoka Misri. Nimesikiliza mara tatu. Piano mbovu kweli, wala sikujali. Makofi yale nayajua, ya harusini kwetu hayako mbali nayo. Kaka yangu kwa miaka 6 ananipa 1977 tupu, hajawahi kunitajia hii. Nitampigia simu kwa ubaya.

Fundi_Mitambo

Mtoro, kabla hujaziingiza hizo kaseti kwenye kompyuta: safisha hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, kwa pamba na spiriti, zungusha kila kaseti mwanzo hadi mwisho mara moja kabla ya kurekodi, na ile skrubu ndogo pembeni ya hedi ujue kuigusa polepole hadi sauti ya juu ing'ae. Deki ikianza kumeza usivute, zima, toa kwa kalamu ya risasi. Na zianze zile alizorekodi mzee mwenyewe, kama zipo. Cornell dunia nzima wanayo.

Mtoro_wa_Oakland

Zipo. Ukumbi wa Kaiser hapahapa Oakland, miaka ya 80. Mzee alikuwa anakaa kwenye lile eneo la warekodi. Mlikuwa mnajua hilo lilianza rasmi Oktoba 1984? Kabla ya hapo walikuwa wanajazana mbele ya mikisa, milingoti ya maiki inamziba fundi haoni jukwaa, ndipo wakapewa eneo lao nyuma yake. Nimeanza na moja leo. Dakika 45 upande A unakatika katikati ya solo, kimya, klaki, upande B tayari wako wimbo mwingine. Katikati mtu anakohoa karibu kabisa na maiki. Nimemjua kwa kikohozi, ni kilekile ninachompa dawa asubuhi.

Na ile nyingine nimemwambia. Nikasema mzee, samahani, kaseti yako ya Cornell inakimbia. Akasema anajua tangu 1988, ilidurufiwa kwa deki ya shemeji yake, na shemeji hakuwahi kuirekebisha hadi wakaachana kwa mambo mengine. Nikauliza basi kwa nini hatusikilizi la 2017? Akasema, "Weka hiyohiyo."

Kipupwe_Dar

Ukimaliza kuingiza, nitumie hiyo inayokimbia.